Joka Lililomkimbia Punda

Fundi cherehani alijua tangu mlangoni kwamba shemeji yake hakuja kucheza, alikuja kutamba. Walizoea kupiganisha vijeshi vya plastiki kwenye meza ya chakula, fundi na askari wake wa mikuki wa enzi za kale, shemeji na joka alilolipaka rangi mwezi mzima. Leo shemeji alileta kitabu kipya cha sheria.

"Hizi ndizo sheria za watu wazima," alisema, akasoma mpaka chai ikapoa. Mojawapo ilisema mnyama asiyemwona jemadari wake atamkimbia adui yeyote atakayemsogelea.

Basi, kwa akili zake hizo hizo, shemeji akamficha jemadari wake nyuma ya chupa ya chai, eti asipigwe mkuki. Fundi hakujisumbua hata kugusa mikuki. Alisogeza punda wake wa plastiki wa kubeba maji, na joka likalazimika kutimua mbio mpaka nje ya meza.

"Sheria mbovu!" shemeji alifoka. "Nitaleta kitabu kingine."

"Hiki ni cha tatu, shemeji," fundi alisema, akimfuta punda vumbi. "Na jemadari bado ni wewe yuleyule."