Stuli ya Nthambi

Swabra Shaaban hakuwa mtu wa kuchukia ovyo, lakini kile kilima alikichukia. Kiliuchungulia uwanja wa Iveti Rangers kama jirani mwenye umbea. Kilikuwa na mawe mapana ya kukalia na kivuli cha bure, na kila Jumapili nusu ya mji wa Machakos ilipanda huko ikatazama mpira wote bila kutoa hata shilingi. Chini, waliolipa getini walisimama juani. Sasa niambie, mjinga hapo alikuwa nani?

Malkia wa mawe hayo alikuwa Nthambi, muuza mitumba mwenye sauti ya kusimamisha basi. Refa akikosea, Nthambi alimchambua kutoka huko juu mpaka wachezaji wakashika mbavu. Timu ilimpenda sana. Pesa yake tu ndiyo hawakuwahi kuiona.

Swabra, au Mama Firdaus kama mji ulivyomwita, alikuwa na hoteli karibu na soko, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Aliyeianzisha ni marehemu baba yake, mzee Shaaban, aliyeng'oa mawe ya uwanja ule kwa mikono yake. Lakini ilipofika mwaka wa tisini na tisa klabu ilikuwa hoi. Pesa za geti zilitegemea mawingu. Mvua ikinyesha, hakuna watu. Timu ikifungwa mara mbili, hakuna watu. Mechi ya Thika vijana walikwenda juu ya lori la mchanga, wakashuka wamekakamaa, wakachapwa manne bila majibu. Hapo ndipo alipojitokeza Nzomo, tajiri wa malori wa Athi River, akitaka kununua nafasi ya timu kwenye ligi aihamishie kwake. Kamati ilikuwa tayari kutia sahihi siku hiyo hiyo.

"Nipeni msimu mmoja," Swabra alisema. "Mechi ya mwisho ikifika na klabu haijilishi, nitatia sahihi mimi mwenyewe."

Lakini timu ya baba yake ichezee Athi River, kwa jina jingine na jezi nyingine? Aliona ni kama wanataka kumzika mzee mara ya pili.

Wanakamati wakaangua kicheko. Walikuwa wamekumbuka kadi. Aiya, zile kadi! Mwaka uliotangulia Swabra alitoa tikiti za msimu mzima, kadi nzuri za manjano: unalipa mara moja, unaingia mechi zote. Watu wakazinunua mbio mbio, kumbe walikuwa na yao. Mwenye kadi aliingia, akairusha juu ya ua wa mkonge, shemeji akaidaka akaingia, naye akamrushia binamu. Kadi moja iliingiza ukoo mzima pamoja na wageni wao.

"Kosa si kulipisha mapema," Swabra alimwambia Laban jioni ile hotelini. Laban alikuwa mwalimu na mweka hazina wa klabu, mtu mpole mwenye wasiwasi wa kudumu. "Wewe mwalimu si unanilipa chakula cha mwezi mzima ukipata mshahara? Hiyo pesa ndiyo nanunulia mchele kwa gunia. Na bado ukishakaa hapo unaongeza chai, unaongeza sambusa."

"Naongeza mpaka naona aibu, Mama Firdaus."

"Sasa, mbona hiyo haina hasara? Kwa sababu huwezi kumrushia shemeji tumbo lako."

Laban alicheka hadi chai ikamwingia puani. "Kwa hivyo tuuze matumbo?"

"Tuuze pa kukalia."

Wachongaji wa Wamunyu wakaagizwa stuli, zile za miguu mitatu, kila moja ikichomwa jina la mwenyewe kwa chuma cha moto. Ukilipia msimu, stuli yako inapangwa kando ya uwanja kila mechi na kurudishwa stoo baadaye. Mechi ya mwisho ikiisha, unaibeba nyumbani. Ukimwachia mtu mwingine aingie kwa jina lako, basi amekalia yako na wewe baki nje. Ukorofi wa kadi ukafa kifo chake.

Na pesa ikaingia kabla mpira haujapigwa hata teke moja. Hilo ndilo lilikuwa jambo! Basi la msimu mzima likakodiwa kwa bei ya kuelewana, viatu vikanunuliwa, na vijana wakaanza kusafiri kama binadamu. Kisha kikatokea kitu ambacho hata Swabra hakukitarajia. Ukikosa mechi, mji mzima uliona. Jumatatu sokoni ulisikia, "Stuli yako jana imekaa peke yake, kwani uko mgonjwa?" Watu wakaja hata kwenye mvua, hata timu ilipofungwa. Na mtu mwenye kiti chake hana haraka ya kuondoka. Anafika mapema, anakaa, anasikia njaa. Swabra akamwekea pilau na chai ya tangawizi, akina mama wengine wakaleta muthokoi na mahindi ya kuchoma, na kila muuzaji akatoa fungu la klabu. Stuli zililipa safari, na chakula kikalipa wachezaji.

Lakini kilima kilikuwa bado kimejaa, na mechi zilizobaki zilikuwa chache.

"Bado tunapungukiwa," Laban alisema. "Nzomo ameshaanza kuuliza rangi ya jezi."

Swabra hakulala vizuri. Kesho yake aliagiza stuli moja zaidi, akailipia mwenyewe, na Jumapili ikawekwa mbele kabisa, katikati ya uwanja. Iliandikwa NTHAMBI.

"Mama Firdaus!" sauti iliporomoka kutoka mlimani. "Nani amekuambia nakuja?"

"Hakuna!" Swabra akajibu. "Ni stuli tu, inapumzika!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Tangu hapo Nthambi hakupata raha. Akifungua mdomo kumtukana refa, watu wote waligeuka wakaangalia stuli. Sokoni wateja walimuuliza kama stuli yake haijambo. Mechi iliyofuata, Kyalo, mshambuliaji wao, akafunga bao la ajabu, akakimbia moja kwa moja hadi kwenye ile stuli tupu, akainama akaipa mkono.

Lo! Hiyo ilimshinda Nthambi. Kusalimiwa hivyo na Kyalo mbele ya watu, na wewe haupo! Wakati wa mapumziko alionekana akiteremka, leso imekazwa kiunoni, uso umekunjwa. Alilipa getini, akalipa na ya stuli, akapita mbele ya watu wote bila kugeuza shingo, akaketi. Akaitisha pilau. Kisha akageuka, akakitazama kilima.

"Nyinyi mbuzi!" alinguruma. "Mnangoja nini huko kwenye mawe?"

Nao wakateremka.

Mechi ya mwisho hapakuwa na pa kuweka mguu. Nzomo alifika amechelewa, suti imenyooka, karatasi za mauziano mkononi. Swabra alimpokea getini kwa heshima zote.

"Pole sana, bwana Nzomo. Stuli zimeisha, na pa kusimama pameisha. Labda ujaribu mlimani."

Tajiri akapanda na viatu vyake vinavyong'aa, akaketi juu ya jiwe peke yake. Wakati wa mapumziko Swabra alimpelekea sahani ya pilau huko huko. Nzomo akalipa.

Rangers walishinda matatu kwa moja, lakini filimbi ilipolia Swabra alitazama stuli, si wachezaji. Ilikuwa siku ya watu kubeba stuli zao nyumbani. Alimwona Nthambi akijitwika yake kichwani, akajua stoo itabaki tupu na kamati itauliza pesa za mwakani zitatoka wapi. Nthambi hakuelekea getini. Alielekea stoo, kwa Laban.

"Fungua."

"Mwaitu, mama yangu, hiyo ni yako sasa," Laban alisema. "Enda nayo nyumbani."

"Nyumbani niko na viti. Niandikie msimu ujao." Akafungua fundo la leso, akatoa pesa.

Nyuma yake watu wakajipanga, kila mmoja na stuli yake, foleni ikazunguka goli ikaenda hadi kona ya pili. Wanakamati wawili walikuwa ndani yake. Swabra alilia waziwazi, akicheka, wala hakujali nani anamwona. Mzee Shaaban asingehamishwa na mtu.

Nzomo akashuka, vumbi hadi magotini, sahani tupu mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Aliitazama foleni kwa muda.

"Mama Firdaus, sasa hizi karatasi nizifanyie nini?"

"Lete," Swabra akasema akijifuta macho. "Nitafungia sambusa."

Nzomo akampa. Akakohoa kidogo, akauliza foleni inaanzia wapi.