Mlango Uliojifunga Wenyewe

Mto wetu, kabla hawajausafisha, ulikuwa mzito kiasi kwamba ukitupa jiwe lilikaa juu kwanza, likafikiri, ndipo likazama. Nimemwona bata kwa macho yangu haya akiuvuka kwa miguu, na katikati akasimama kujikuna. Siku hizi unaona hadi kokoto za chini. Ukingoni wamepanga mabenchi na maua, na kila asubuhi watu hupita wakikimbia. Wiki ya kwanza nilikuwa nakimbia nyuma yao, nikidhani kuna mwizi.

Sina ugomvi na usafi. Ghala nililobebea mizigo ujana wangu wote limegeuzwa nyumba za kuishi, na sisi wakazi wa zamani tuliahidiwa vyumba humo, na ahadi ikatimizwa. Hilo nalo nikilisimulia watu hunitazama kama nimewaletea habari za yule bata. Tulipewa ghorofa ya tatu. Dirisha la sebuleni ndilo lililokuwa tundu la kuingizia magunia, na nikisimama pale na kikombe cha chai mabega huanza kuniuma yenyewe, kwa mazoea.

Shida ilikuwa mlango.

Mke wangu alikuwa mshona magunia katika ghala hilihili. Washonaji walikaa kizingitini, kwa sababu ndani kulikuwa na giza, na sindano ya magunia haimhurumii asiyeona. Basi alishona miaka yote mguu mmoja ndani, mmoja nje, na hakuna aliyepanda wala kushuka bila kumsalimu. Mimi mwenyewe alinipatia hapo. Nilikuwa nashuka na kupanda ngazi bila mzigo wowote, mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Hata tulipooana, chumba chetu cha mabati mlango wake ulifungwa wakati wa kulala tu. Alichambulia mboga mlangoni, alinyonyeshea mlangoni, na mimi alinigombezea mlangoni ili mashahidi wawepo.

Sasa mlango wa nyumba hii mpya ni mzito, una mkono wa chuma kwa juu, na ukiuachia unajifunga wenyewe, polepole, kama mtu anayekutoa kwake kwa adabu. Mke wangu akawa anauzuia kwa ndala yangu. Lakini ukikaa wazi kwa muda, taa nyekundu huwaka chini, kwenye meza ya msimamizi wa jengo. Huyo ni binti mwembamba anayetembea na rundo la funguo kiunoni. Tunamwita Funguo na anaitika. Atapanda, atatuamkia, ataichomoa ndala yangu kwa vidole viwili, halafu ataeleza upya kwamba milango hii imewekwa ili moto ukizuka kwa mmoja usiende kuwatembelea wengine. Mke wangu atamsikiliza, atamshukuru, atamkaribisha chai. Funguo akishuka, ndala inarudi mahali pake.

Siku moja haikurudi. Nilimkuta mke wangu amekaa kwenye kiti chake nyuma ya mlango uliofungwa, anautazama kama televisheni iliyozimwa. Akaniambia binti yetu amepiga simu. Ana chumba cha ziada, na mlango wake unatazama barabara. Mvua zikiisha atahamia huko. Nikitaka nimfuate, nisipotaka nibaki na mto wangu.

"Unaniacha kwa sababu ya mlango?"

"Sikuachi, mzee. Nakufa upweke. Tangu tuhamie hapa hakuna mtu aliyeniuliza nimeamkaje."

"Mimi nimekuuliza leo asubuhi."

"Wewe si mtu. Wewe ni mume wangu."

Jioni hiyo akashusha begi kubwa kutoka juu ya kabati na kuanza kupanga khanga zake. Nami nikajua hapa hakuna mzaha. Kwa binti yetu hakuna mto. Kuna barabara na duka la matairi. Na hapa bila yeye ningebaki kuongea na bomba la maji. Fundi wa kubadilisha milango si mimi, bwana mkubwa wa jengo simjui. Kazi moja tu nimeendelea nayo baada ya kustaafu, na hiyo haihitaji kibali.

Ng'ambo ya korido anakaa daktari wa meno, kijana mpole aliyenunua nyumba yake kwa kuwa anapenda, anasema, mahali penye historia. Asubuhi iliyofuata nilimkuta akiutazama ufa mdogo ukutani. Nikasimama naye. Nikautazama ufa, nikatikisa kichwa, nikanyamaza. Mtu wa namna ile ukimnyamazia ataomba mwenyewe.

Nikamweleza kwamba matofali haya yalifinyangwa kwa tope la mto, na hayajasahau kwao. Mto ukijaa, kuta huvuta pumzi. Milango ikiwa wazi zinapumua vizuri; ukiifunga yote, pumzi inakosa pa kutokea na kuta zinavimba. Tulikuwa na mtunza ghala aliyejifungia mchana mmoja ili asinzie. Ukuta ukavimba, mlango ukabanwa. Tulimlisha uji kwa mrija kupitia tundu la ufunguo mpaka kiangazi, na siku alipotoka alikuwa mwembamba kama rula. Mkewe alimkunja akambeba kwapani kwenda naye nyumbani.

Daktari akacheka. Alicheka sana. Lakini jioni niliona mlango wake umezuiwa na kitabu kinene cha magonjwa ya fizi.

Kabla wiki haijaisha, mama wa mapacha wa mwisho wa korido alikuwa ameweka chungu cha maua mlangoni kwake, na wengine viatu. Mke wangu akarudisha ndala na kiti chake, akafikiri ni wakazi tu wamechangamka. Akaanza kazi yake ya zamani, ingawa bila sindano. Alimwambia daktari kifungo chake kimekosea tundu. Aliwapokea mapacha mama yao alipokwenda kuoga, mmoja kila paja. Harufu ya vitunguu vya huku ikaenda kule, na ya kule ikaja huku, na watu wakaanza kuulizana nani anapika nini. Begi lilikuwa bado limesimama kando ya kabati, lakini alianza kuchomoa khanga moja moja, kwa kuwa ndizo nzuri na sasa kulikuwa na wa kuziona.

Lakini kwenye meza ya Funguo taa nyekundu zilikuwa zimewaka kama ukumbi wa harusi. Akapanda, akatuita sote koridoni. Alikuwa amechoka, na safari hii hakutuamkia. Kabla sijafungua mdomo, daktari akajitokeza na kumweleza habari ya kuta, kwa utulivu, kama anavyoeleza habari ya jino. Nilishangaa nilivyoisikia: watunza ghala walikuwa sasa watatu, na mmoja hakupona.

Funguo akanitazama mimi, kisha akamgeukia mke wangu.

"Mama, wewe ulifanya kazi humu. Ukuta unapumua?"

Sijawahi kumwona mke wangu akisema uongo. Siku tuliyoandikisha ndoa aliulizwa kama ananipenda, akaomba muda wa kufikiri. Nikaitazama ndala yangu pale chini. Akikana, milango itafungwa yote na begi litajazwa upya.

"Ukuta ni tofali," alisema. "Haupumui. Na mtunza ghala alikuwa mnene mpaka siku anastaafu. Hayo ni maneno ya huyu mzee wangu, na ameyasema kwa ajili yangu. Mimi nimezoea kukaa mlango wazi, nione watu. Nikifungiwa naumwa. Ni hilo tu. Daktari, nisamehe mwanangu. Toa kitabu chako."

Daktari aliutazama ukuta ambao, baadaye nilikuja kujua, alikuwa akiupapasa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akainama akaokota kitabu, lakini hakuingia ndani.

"Nikifunga," akasema, "nani ataniambia nimevaa soksi zisizofanana?"

Mama wa mapacha akasema yeye tangu ajifungue hajaoga kwa amani ila wiki hii.

Funguo akakaa kwenye ngazi, funguo zake kimya mapajani. Akasema moto haujui soksi wala mapacha, na milango itafungwa, leo hii. Kisha akajikuna shingo akasema kuna vitu alivyoviona hospitalini: sumaku zinazofungwa ukutani, zinaushika mlango ukiwa wazi, na king'ora kikilia zinauachia ujifunge. Ataomba. Hakuahidi kwamba atapewa, aliahidi kuomba.

Milango ikafungwa. Mvua zikaendelea, kisha zikapungua, nami nikawa mtu wa kwanza duniani kumwomba Mungu mafuriko. Lakini kila asubuhi daktari aligonga kuuliza mama ameamkaje, na mama wa mapacha akagonga, na Funguo naye akagonga, eti anakagua bawaba. Mke wangu akalalamika kwamba sasa anafungua mlango mara nyingi kuliko bawabu wa benki. Kulalamika kwenyewe kulinipa matumaini. Mtu anayeondoka halalamiki.

Siku mafundi walipofunga sumaku jua lilikuwa kali na wingu halikuonekana. Mlango wetu ukaegemea ukuta, ukashika. Mke wangu akaweka kiti chake kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Funguo akamwomba auingize ule wa nje, koridoni ni njia ya watu. Akauingiza nusu. Nilipoingia chumbani begi lilikuwa limerudi juu ya kabati, na ndani yake, nilipolipapasa, hakukuwa na kitu.

Mafundi wakazifanyia sumaku jaribio. King'ora kikalia, sumaku zikaachia, na milango yote ya ghorofa ikajifunga kwa pamoja, ikatoa fuuu moja ndefu. Tulikuwa tunashuka ngazi kwenda kukusanyika kando ya mto. Daktari akanishika mkono.

"Mzee. Umesikia?"

"Nimesikia. Na leo mto hata haujajaa."

"Nyamazeni wote wawili," mke wangu akasema, pacha mmoja begani.

Tulisimama kwenye maua, mkazi na mkazi, na ilimchukua mke wangu muda kumaliza salamu zote. Wale wa kukimbia wakapita, akawasalimu nao. Nilimwonyesha bata mmoja aliyekuwa anaogelea kama bata wa kawaida, nikamwambia huyu ni mjukuu wa yule aliyekuwa anavuka kwa miguu. Yeye alikuwa anatazama juu, ghorofa ya tatu.

"Twende, mzee," akasema. "Nimeacha mlango umefungwa."