Mwenye Kopo Amejulishwa

Fundi saa alijua kopo limeguswa kabla hata hajalifungua. Lilifanana na la siku zote, ila utepe uliozunguka mfuniko ulikuwa umekatwa kwa mkasi, ncha imenyooka kabisa, na mkewe hakuwahi kukata utepe kwa mkasi maishani mwake. Aliung'ata kwa meno. Fundi cherehani mzima, mwenye mikasi saba, lakini utepe anang'ata!

Akachutama chini ya daraja la waenda kwa miguu, goti likimlalamikia, akaufungua mfuniko. Ndani mlikuwa na penseli mpya, mfuko mpya wa plastiki na daftari jipya. La zamani halimo. Roho ikampasuka. Ukurasa wa kwanza wa daftari lile ulikuwa na mwandiko wa mkewe, na tangu amzike mwaka jana hakubakiwa na maandishi yake mengine isipokuwa vipimo vya viuno vya wateja.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mkewe. Unaficha kopo mahali, unaliweka kwenye ramani ya simu, watu usiowajua wanalitafuta, wanatia saini kwenye daftari, kisha wanalirudisha palepale. Humo aliitwa Mama Vifungo. Yeye mume hakuwa na jina. Kazi yake ilikuwa kubeba chupa ya maji na kuuliza wanarudi nyumbani saa ngapi.

Katika daftari jipya mlikuwa na saini moja tu. "Pasi Moto. Nimekuta kopo limepasuka, nimeleta jingine. Mwenye kopo amejulishwa."

"Amejulishwa?" fundi saa aliiuliza nguzo ya daraja. "Amejulishwa wapi huyo?"

Uongo mkavu, tena wa kuandikwa kwa penseli. Watu wa namna hii mkewe aliwahi kuwasema sana akiosha vyombo: wanaposhindwa kuliona kopo wanaweka la kwao, halafu wanajihesabia kwamba wameliona, na lile la zamani wakikutana nalo wanalitupa. Na wanaita msaada! Fundi saa alipiga hesabu zake akaona hazina shaka. Anayetengeneza cha mtu bila kuitwa ana lake jambo.

Pasi Moto hakuwa wa kutafutwa. Jina hilo lilipakwa rangi nyekundu juu ya mlango wa dobi, mitaa miwili kutoka dukani kwake. Alitembea akijiandalia maneno makali. Kwenye mfuko wa shati, simu ya mkewe ilimgongagonga kifuani. Aliichaji kila Jumapili na kuibeba kila siku, lakini kuifungua hakuthubutu.

Alitegemea kukuta jitu la mabega mapana. Alikuta mama mfupi mwenye miwani, anapiga pasi shati la mtu. Hilo halikumlainisha, wezi wa siku hizi wanavaa miwani.

"Daftari la chini ya daraja liko wapi?" akauliza, hata salamu hakutoa.

Dobi akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Shikamoo kwanza, mzee. Na wewe ni nani kwenye mchezo?"

"Sina jina humo."

"Huna jina, ila unataka daftari." Dobi akaisimamisha pasi. "Wapo watu wanayaokota madaftari ya wenzao wanayafanya mapambo. Lile liko salama, na simpi mtu. Mwenyewe nimemwandikia mara tatu. Akinijibu, nampa mkononi."

"Mimi ni mumewe!"

"Kila mwanamume ni mume wa mtu, mzee. Basi mwambie mkeo aniandikie. Neno moja tu linatosha."

Fundi saa alikuwa na neno moja tu la kumjibu: amefariki. Jirani zake walilijua, nduguze walilijua, lakini mwaka mzima yeye hakuwahi kulitamka kwa mtu asiyelijua. Dobi alikuwa amemkazia macho.

Akaitoa simu mfukoni. Namba ya kuifungulia ilikuwa mwaka waliooana. Jumbe tatu za Pasi Moto zilikuwa zinangoja. "Shikamoo Mama Vifungo, kopo lako limepasuka, daftari limelowa. Nilikaushe?" Halafu: "Mama, nimelichukua nilikaushe, naogopa litaoza." Na wa mwisho: "Mama Vifungo, umenyamaza sana. Huumwi?"

Aliandika kwa kidole kimoja, na macho yakamsumbua. Simu ya dobi ikalia juu ya meza, katikati ya mashati. Kiooni lilitokea jina la Mama Vifungo.

"Mwenye kopo alifariki mwaka jana. Anayeandika ni mumewe, niko mbele yako. Sasa kopo ni langu."

Dobi akaisoma mara mbili. Akaizima pasi.

"Pole, mzee," akasema. "Mimi nilidhani amenichukia."

Akainama chini ya rundo la mataulo, akatoa daftari lililofungwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa amelipiga pasi kwa moto mdogo, ukurasa mmoja mmoja. Katikati wino ulikuwa umefutika wote, lakini ukurasa wa kwanza ulisomeka, herufi zimelala upande kama alivyoziandika siku zote:

"Ukikuta kopo limeharibika, lifunike lisilowe, usitupe kitu, kisha niambie. Usimwambie mwingine. Niambie mimi."

"Ndiyo maana sikukupa," dobi akasema.

Fundi saa alitafuta hasira aliyokuja nayo, hakuiona. Akalia palepale, mbele ya nguo za watu, na dobi akamsogezea kiti. Alipotulia, alilitia daftari kwenye mfuko wa shati, pamoja na simu.

"Lile jipya likae huko darajani?" dobi akauliza.

"Likae." Akasimama taratibu, akafika mlangoni, akageuka. "Ila utepe, dada, siku nyingine usiukate kwa mkasi. Ung'ate."