Mtoa Taarifa wa Kitahana

Lilibaki fundo moja tu, la kileleni, na hapo ndipo Mzee Tharsisi alipoketi juu ya mzigo wa nyasi, akakunja mikono.

"Mzee wangu, mvua hiyo," alisema Dakta Venanti, akinyoosha kidole upande wa Kakonko. Mawingu ya huko yalikuwa yameshakuwa meusi.

"Naiona. Miguu ndiyo imezeeka, macho bado."

Ilikuwa Oktoba 2014. Jirani na ofisi ya kijiji, pale Kitahana, ulikuwa umesimama msonge, nyumba ya nyasi tangu chini hadi juu, wa kwanza kuonekana hapo kwa miaka arobaini. Waliojenga walikuwa wanafunzi wanane kutoka chuo kikuu, waliokuwa wakisomea uhifadhi wa malikale. Kozi ilikuwa mpya kabisa. Kabla ya hapo, mtu akitaka kujua nyumba za babu zake zilijengwaje, ilibidi asubiri mgeni aje na kamera, apige picha, aondoke nayo. Sasa chuo kilitaka vijana washike fito kwa mikono yao wenyewe. Mkaguzi angefika kesho. Msonge ukivuja, wanane wote wangerudia mwaka.

Mzee Tharsisi ndiye aliyewafundisha, wiki tano nzima. Siku ya kwanza nusura wakosane. Dakta alisimama mbele ya wanakijiji akasema, "Tumekuja kukusanya data," na Mzee akajibu kwa mshangao, "Data alishakufa. Mtamkusanya kwa jembe?" Watu wakaangua kicheko. Ni Zaitun, binti wa mwenye duka mmoja wa Kasulu mjini, aliyewaeleza wenzake huku akijifuta machozi kwamba kwa Kiha data ni baba. Tangu siku hiyo yeye akawa anamwita Mzee hivyo hivyo, Data, naye Mzee akawa anaitika.

Aliwafundisha kuchagua fito zinazopinda bila kulia. Aliwafundisha kulowesha kamba za mgomba, na kupanga nyasi kuanzia chini kwenda juu ili maji yasipate pa kuingilia. Aliwatania pia. "We kijana, hilo fundo au kamba ya kiatu?" Hajawahi kulala vizuri kama wiki hizo tano.

Halafu asubuhi ile Zaitun akamletea fomu aweke sahihi. Mzee alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaro, kwa hiyo alisoma polepole, herufi kwa herufi. Mwalimu: Dkt. Venanti. Wanafunzi: majina manane. Chini kabisa, Mtoa taarifa: Tharsisi.

Akairudisha fomu. Akaketi.

Maana neno hilo analijua. Mwaka sabini na nne, watu walipoamriwa kuhamia vijiji vipya, baba yake alitoroka akarudi kwenye mahame yao, akauezeka upya msonge wake. Alikuwa ndio kwanza amefunga kilele. Mgambo wakaja. Mkubwa wao alisema mbele ya watu, njiti ya kiberiti mkononi, "Tumepata taarifa." Wakachoma. Baba alisimama kimya mpaka kilele kikaanguka, na tangu hapo hakufunga tena fundo lolote, hata la mbuzi. Mpaka leo, Kitahana, ukitaka kumtukana mtu mpaka wanawe wakusikie, mwite mtoa taarifa.

Na hakuna aliyerudi kusema samahani. Waliambiwa zile ni nyumba za kishamba, zimewachelewesha. Sasa nyumba zile zile zimekuwa urithi wa taifa, na waliochomewa wanaombwa waeleze zilijengwaje, upesi upesi, kabla hawajafa!

"Ni neno la kitaalamu tu, Mzee," Dakta alisema. Alikuwa mtu wa Iringa, mpole. "Halina ubaya."

"Kwenu."

"Na fomu siyo yangu. Imetoka chuoni ikiwa imeshapigwa chapa."

"Hata mgambo walisema amri siyo yao."

Castory, jirani wa Mzee, ambaye tangu kazi ianze hajawahi kubeba hata unyasi mmoja lakini hakukosa siku, akapaza sauti, "Dakta, si upande mwenyewe! Shahada tatu zote hizo zinashindwa na kamba?"

Dakta Venanti akavua viatu, akapanda kweli. Akafunga. Aliposhuka, fundo likafunguka nyuma yake taratibu, na konzi ya nyasi ikamwangukia Castory kichwani.

"Umeezekwa, Castory!" mama mmoja akapiga kelele.

Dakta hakucheka. Alizitazama kucha zake zilizojaa maganda ya mgomba. "Wiki tano nimeiangalia mikono yake," alisema, kama anayejisemea. "Nikaandika, nikaandika. Mwenyewe sijawahi kufunga hata moja."

Zaitun akachuchumaa mbele ya Mzee. Vidole vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. "Data, tutafeli."

Hilo lilimchoma. Alitaka kuinuka, akaiona ile fomu mkononi mwa binti, akabaki ameketi.

"Nyinyi sina ugomvi nanyi, mwanangu. Lakini karatasi hii inakwenda Dar kukaa kabatini. Mimi nikifa, iliyobaki ni hiyo. Mjukuu wangu akifika huko kusoma, aifungue akute babu yake alikuwa mtoa taarifa?"

Tone la kwanza likaanguka. Dakta akaichukua fomu, akaiweka juu ya goti, akatoa kalamu. Alikata jina lake kwenye mstari wa mwalimu, akaandika la Tharsisi. Kisha akashuka mstari wa chini, akakata la Tharsisi, akaandika lake.

"Na kusema kweli ndiye mimi," alisema. "Nachukua huku, napeleka kule."

"Watairudisha, Dakta," Zaitun alinong'ona.

"Wairudishe. Nitaandika tena hivi hivi."

Mzee aliisoma yote, mstari kwa mstari, huku mvua ikidondokea wino na wanafunzi wakihangaika kumkinga kwa kanga ya mtu. Alipofika mwisho akarudi juu, akasoma tena ule mstari wa mwalimu. Ndipo akaweka sahihi.

"Haya," alisema, akimpa Castory fimbo yake. "Shika, ufanye kazi angalau leo. Zaitun, pita upande ule."

Wakapanda, kila mmoja upande wake, wakakutana kileleni mvua ikianza kuchapa. Mzee akamwekea binti kamba mikononi.

"Mimi, Data?"

"Nani mwingine?"

Akafunga. Mzee akalivuta fundo, likalegea. "Unafunga kama mtoa taarifa."

"Nimesikia hiyo!" Dakta akapiga kelele huko chini, na watu wakacheka ndani ya mvua.

Akafunga tena. Mzee akalifungua. Maji yalikuwa yanamtiririka Zaitun usoni, vidole vinamuuma, akaizungusha kamba mara mbili badala ya moja, akaikaza kwa meno kama alivyoona Mzee akifanya. Mzee akalivuta. Akalivuta tena, kwa nguvu, likashika, naye hakulifungua.