Pengo la Chiriku

“Usipepese macho,” alisema Baba Chiriku. “Anakuja sasa hivi.”

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, rimoti mkononi, viatu vya kazini bado miguuni. Mbele yake, juu ya meza iliyozidiwa ghafla na mzigo, ilikaa televisheni mpya, bapa, pana kama mlango uliolazwa. Chini yake deki mpya iliwaka kitaa cha buluu. Muuza duka alimwapia kwa jina la mama yake mzazi kwamba deki hii si sawa na zile za zamani. Hii inachukua diski yoyote, hata iliyochoka, inaikuza picha na kuisafisha mpaka utadhani imepigwa jana.

Mkewe alikaa ukingoni mwa kochi, futi ya kupimia ikining’inia shingoni. Mtaani walimwita fundi, kwa ajili ya cherehani aliyoiweka barazani. Zamani walimwita Mama Chiriku. Tangu mtoto alipochukuliwa na homa, jina hilo liliwakwama watu kooni, wakaliacha polepole, wakidhani wanamsitiri. Mumewe peke yake ndiye aliyeendelea kumwita hivyo, na kila alipomwita, alimshukuru kimoyomoyo.

Diski ilikuwa ya harusi ya wifi yake. Bibi harusi aliingia, wageni wakapiga makofi, mjomba fulani akacheza kwa mbwembwe mpaka tai ikamwangukia begani. Kisha, kutoka upande wa jikoni, akatokea mtoto mwenye gauni la manjano, amebeba sinia la soda kwa mikono miwili. Alipita mbele ya kamera, akageuka, akacheka, akatoweka nyuma ya mgongo wa mtu mnene. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate.

Hicho ndicho walichobakiwa nacho. Picha nyingine ilikuwa ya shule, na ndani yake Chiriku alikuwa amenuna kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo kila Jumapili, nguo zikishafuliwa, mama yake aliwasha deki ya zamani na televisheni yao ndogo ya chogo, ile yenye kisogo kirefu nyuma, akamngoja binti yake apite na sinia.

Sasa alimwona tena. Gauni kwanza. Aliona mshono wa bega alioushona mwenyewe, akaona vifungo, akaona hata pindo nene alilolikunja chini kwa makusudi. Mtoto hurefuka bila kuaga, na fundi mwenye akili humwachia kitambaa ndani. Alikuwa ameacha kingi. Yote hayo yalionekana safi, kweli kabisa, muuza duka hakudanganya.

Kisha akauona uso.

“Umeona?” mumewe aliuliza, furaha imemjaa kama yeye ndiye aliyemleta mtoto kwa mkono. “Si nilikuambia? Hata meno yanaonekana!”

“Rudisha.”

Akarudisha. Mtoto akapita tena, akageuka tena. Ngozi yake ilikuwa laini mno, kama mshumaa uliopanguswa. Midomo ilifunguka, na ndani yake palikuwa na mstari mmoja mweupe, mzima, ulionyooka.

“Alikuwa na pengo,” alisema mama.

“Eh?”

“Jino la mbele. Liling’oka wiki ile ile ya harusi. Alilia, akasema habebi sinia, watu watamcheka. Wewe ukamwambia nini?”

Baba Chiriku alishusha rimoti. “Nilimwambia awahi kuwacheka yeye.”

“Ndiyo maana alicheka pale. Alikuwa anawawahi.” Alinyanyuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. “Huyu ana meno yote. Huyu ni mtoto wa nani?”

Mumewe aliangalia televisheni, akamwangalia mkewe, kisha akaviangalia viatu vyake.

“Ya zamani iko wapi?” aliuliza mama.

“Niliiacha dukani, na deki yake. Walipunguza bei kwa ajili hiyo.” Akaiweka rimoti mezani. “Nilitaka umwone vizuri, Mama Chiriku. Basi.”

Hakumgombeza. Ungemgombezaje mtu aliyejinyima kwa miezi mingi ili akuletee mtoto wako?

Habari zikamfikia wifi, naye akaja siku ya pili kujitazama. Alikaa dakika chache tu. “Jamani, poda yangu iliishia kidevuni hivi, na mkaniacha nizunguke ukumbi mzima?” alilalamika. “Zimeni! Kwenye ile ya zamani nilikuwa mrembo!” Wote wakacheka, hata mama. Lakini mtoto alipopita na sinia, wifi akainamisha kichwa, akasema gauni limetoka vizuri. Juu ya uso hakusema kitu.

Mama akaifunga deki kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akaipeleka dukani pamoja na diski. Nyuma ya duka, kwenye kichumba kilichonuka risasi ya kuunganishia nyaya, alikaa fundi wa vyombo vya umeme ambaye kila mtu alimwita Waya, kwa wembamba wake na kwa kazi yake pia.

“Deki hii ina kasoro,” alimwambia. “Inabadilisha watu.”

Waya alianza kucheka, akauona uso wa mwenzake, akaacha. Akaiunganisha kwenye televisheni yake ya kujaribia, akaweka diski, wakangoja pamoja mpaka sinia likapita. Akarudisha mara tatu bila kuombwa.

“Haina kasoro, mama,” alisema. “Imefanya kazi yake. Tatizo diski yenyewe ina nukta chache za picha, na TV hizi pana zinataka nukta nyingi. Sasa deki ifanye nini? Inatazama nukta hii na nukta ile, ya katikati inakisia.”

“Inakisia.”

“Inajaza. Mstari wa gauni ni rahisi, ukijua unapoanzia na unapoishia umemaliza. Uso ndio mgumu. Ikikuta kitu kidogo cheusi katikati ya cheupe, inadhani ni uchafu. Inapangusa.”

Mama alilielewa hilo haraka kuliko alivyotaka. Wateja walimletea kila wiki magauni yaliyowabana, wakitaka ayapanue, naye jambo la kwanza aliligeuza gauni ndani nje, akatafuta kitambaa kilichoachwa kwenye mshono. Kikiwepo, alipanua. Kisipokuwepo, hata angekuwa na mikono ya dhahabu, alichoweza ni kuweka kiraka cha nguo nyingine.

“Kwa hiyo ndani hakuna kitambaa,” alisema.

Waya hakuelewa, lakini aliitikia.

“Basi izime hiyo akili yake. Ionyeshe kilichomo tu.”

Waya akabonyeza, akaenda kwenye mipangilio, akazima. Uso wa Chiriku ukavunjika miraba midogo, kama sakafu ya bafu. Wote wawili walitazama pembeni. Waya akaiwasha tena upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

“Nirudishieni televisheni yangu,” alisema mama. “Bakini na hizi mpya zote mbili.”

Waya alinyoosha bisibisi kuelekea pembeni. Pale, juu ya rundo la vyuma, chogo la televisheni yao lilikuwa limepinduliwa kama beseni, na ndani yake mtu alikuwa ametupia nyaya za chaja. Alama ya stika ya ua, aliyoibandika Chiriku na wao wakashindwa kuibandua, bado ilikuwa ubavuni.

“Siku hizi haziuziki,” alisema Waya kwa upole. “Tunatoa shaba, kioo kinatupwa. Ningejua, mama. Haki ya nani, ningejua. Nikipata nyingine kama ile nitakuita.”

Mama akakaa akingoja kuitwa. Hakuigusa rimoti. Jumapili, akishafua, alikaa barazani akashona nguo za watu, na mumewe akakaa ndani na televisheni iliyozimwa, kila mmoja akimwogopa mwenzake asiulize. Lakini uso ule laini haukuhitaji umeme. Ulimjia akipima kiuno cha mteja, ulimjia akitia uzi sindanoni, meno yote kinywani.

Mvua zilikuwa zimekwisha Waya alipoita. Alikuwa ameokota televisheni kwenye saluni iliyofungwa, ya chogo, nzima, na deki kuukuu juu yake. Wakaenda wote wawili, mchana, mama akiwa ameibana diski kwapani. Njiani Baba Chiriku aliongea mfululizo, atakavyoibeba mwenyewe, watakapoiweka, na mama akajikuta anatabasamu.

Waya alikuwa ameshakisafisha kioo. Picha ikaja, na rangi zilikuwa zile zile zilizokolea kupita kiasi, kingo zile zile zilizolegea. Mjomba akacheza, tai ikaanguka. Sinia likatokea jikoni. Mtoto akageuka, akacheka.

Mdomo wake ulikuwa kidoa. Kidoa cheupe chenye ukungu, kisicho meno wala pengo.

“Rudisha,” alisema mama. Kisha, “Rudisha.” Kisha, “Hii si kama yetu.”

“Ni aina ile ile, mama. Ya kwenu niliifungua mimi.”

“Kwenye yetu pengo lilionekana.”

Waya aliikunakuna meza kwa ukucha. “Kwa diski hii?” alisema. “Haiwezekani. Halimo. Halikuwahi kuwemo.”

Hapo ndipo mama alipojua. Jumapili zote zile, ile televisheni ndogo ilimpa ukungu tu, na yeye mwenyewe, bila kujua, ndiye aliyekuwa akilitia pengo mahali pake. Alilitia vizuri mpaka akaishukuru televisheni. Akajaribu kulitia sasa. Alifumba macho, akafumbua, mtoto akapita. Lakini ule uso uliopanguswa uliwahi kufika, ukakaa, na haukumpa nafasi.

“Lilikuwa upande gani?” alimwuliza mumewe.

“Kushoto,” alisema Baba Chiriku. Akakunja uso. “Ngoja. Alikuwa ananitazama mimi, kwa hiyo…” Akainua kidole, akagusa jino lake la upande mmoja, kisha la upande mwingine. Kidole kikabaki mdomoni. Waya akainama chini ya meza, akaanza kutafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea.

Hawakuibeba ile televisheni.

Nyumbani, mama alipita cherehani bila kuitazama, akaingia chumbani, akatoa gauni la manjano chini kabisa ya sanduku. Lilikuwa limepauka kwa jua na sabuni za wakati ule, rangi yake sasa imekuwa ya chai ya rangi iliyozidiwa maji. Akarudi nalo barazani. Akachukua wembe, akalifumua pindo, uzi mmoja mmoja, bila haraka, kama kazi ya mteja anayelipa vizuri.

Pindo likafunguka, likashuka mapajani mwake. Ndani, mahali ambapo jua halikufika, kitambaa kilikuwa cha manjano kama siku alipokinunua. Kilikuwa kingi. Kingemtosha mpaka amfikie mama yake begani.

Alikilaza kwenye meza ya cherehani, akapitisha kiganja juu yake. Alama ya mkunjo wa zamani ilibaki. Akapitisha tena, kwa nguvu zaidi, na bado ilibaki.