Kufunga ni Nafuu

Uligeuza uso. Stendi ya Biharamulo, asubuhi, mwanamke anatapika damu kwenye beseni la bluu, na wewe ukajifanya unatafuta vocha mfukoni. Usikatae. Aliyeshika lile beseni ni mimi, na sura ya mtu siisahau.

Yule alikuwa dada yangu Tecla, mke wa Frednand wa Mabawe. Watu walisema ni pombe. Hakuwahi kuionja. Ni kichocho cha maji ya bondeni tulikolima tukiwa wadogo, Nyamahanga. Kilimharibia ini polepole, mishipa ya tumbo ikavimba, ikawa inapasuka.

Mara tatu tulimpeleka hospitali kubwa, mara tatu wakamwongezea damu na kuturudisha. Kila safari Frednand aliuza ng'ombe. Mara ya mwisho daktari alisema ipo namna ya kuzuia damu isirudi, atawauliza mabingwa, atatuma ujumbe. Alisema haraka haraka, foleni ilikuwa ndefu, na Frednand akaitikia ndiyo, ndiyo.

Ujumbe ukaja katikati ya Kwaresma: "Nimeuliza. Kufunga ni nafuu kuliko kufungua. Msichelewe kuanza."

Wewe uliyezaliwa ndani ya Kiswahili unaweza kucheka. Kwetu Kiswahili ni cha shule na ofisi, nyumbani ni Kihangaza. Tena hospitalini humo humo, kabla ya kupitishiwa mpira wa kuangalia tumbo, Tecla aliambiwa afunge tangu jioni. Na nafuu ya mgonjwa nani asiyeijua? Frednand akaipeleka simu kwenye jumuiya yao ya kanisa, mzee Bartholomayo, mwenyekiti wao, akasoma kwa sauti, wakaelewa wote kitu kimoja: asile mchana, atapona.

"Kumbe na madaktari wanashika Kwaresma," jirani yao Bonifasia akatania. Jumuiya nzima ikafunga pamoja na mgonjwa.

Tecla alinipigia, sauti nyembamba lakini yenye furaha. "Kaka, nafunga kumshinda padre. Safari hii damu hairudi."

Ilirudi Alhamisi Kuu. Zile mara nyingine tulimshikia beseni stendi, safari hii hata stendi hakuifikia. Alikata roho njiani, kabla ya kufika Nyakahura, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Frednand, na mdomo wake haukuwa umeonja kitu tangu usiku.

Baada ya mazishi niliichukua ile simu nikaenda kwa daktari. Aliisoma, akaisoma tena, akavua miwani.

"Mshipa," alisema. "Nilimaanisha kufunga mshipa."

Akanichorea. Kufunga: wanapitisha mrija mwembamba huku wakiufuata kwenye picha, wanauziba mshipa uliovimba. Kufungua: kwa mrija huohuo wanatoboa njia ndani ya ini, damu ipate pa kupita. Hiyo ya pili ingemaliza ng'ombe wote wa Frednand na shamba lake la kahawa, na bado isingetosha. Ya kwanza ilikuwa ng'ombe wanne.

Watatu alishawauza kwa kwenda na kurudi. Wa nne tulimchinja msibani.

Mimi nakumbuka wakimbizi walipomiminika Ngara mwaka tisini na nne. Wakalimani walikuwepo mpaka kwenye foleni ya maji. Leo mkulima wa Mabawe anatumiwa maneno manane kuhusu uhai wa mkewe, na hakuna hata mmoja wa kumwambia yana maana gani.

Bado hujaruhusiwa kugeuka. Mdogo wetu Adventina alilima bonde lile lile. Juzi amepimwa, mishipa ya tumbo imevimba. Yuko kwangu Nyamahanga, ameketi mlangoni, na kila simu ikilia ananitazama.

Basi inuka. Leo, kabla hawajafunga ofisi, nenda hospitali ya wilaya yako, uulize mbele za watu: kufunga nini, kufungua nini, kwa gharama gani, na nani anamweleza mgonjwa kwa lugha ya nyumbani kwake? Usitoke hapo mpaka wakujibu.