Sura ya Mwisho Kwenye Mizani

Usiku wa jana niliota sanduku langu la bati linakataa kufungwa. Lilikuwa katikati ya chumba ninacholala kwa dada yangu Mwanamkuu, hapa Muheza, jua la adhuhuri likiwaka, nami nimeshalipakia kila kitu: mashati matatu, shuka, sahani, sabuni, na vitabu saba vya fasihi tulivyoambiwa tuvisome likizoni. Chuo kinafunguliwa kesho. Naingia mwaka wa pili, na umri wangu ni miaka sitini na minne.

"Kuna mtu humu hajamaliza," likasema sanduku.

"Nani?"

"Jiulize mwenyewe, Mzee Shekiondo. Mimi ni bati tu."

Nikajua linasema nini. Kitabu cha saba, kinachomhusu mjane mmoja mwenye mashine ya kusaga, nilikuwa nimekisoma chote isipokuwa sura ya mwisho. Ndiyo tabia yangu. Nimezunguka nchi hii miaka arobaini, nikikata mkonge, nikibeba mizigo, nikilinda maghala, na vitabu nilivyosoma njiani nilivipata kwa wauza karanga. Muuza karanga akitaka karatasi ya kufungia huanza kuchana kitabu kutokea nyuma. Kwa hiyo nimesoma hadithi nyingi sana, na sijui hata moja iliishaje. Siku hizi hata nikipewa kitabu kizima, nikikaribia mwisho nakiweka chini mwenyewe. Vile sita nilivimaliza kwa sababu Mwanamkuu alinikalia mlangoni. Kwenye cha saba alikuwa amekwenda harusini Korogwe.

Shule nazo vilevile. Lushoto niliachia darasa la tatu, Kilosa la tano, Mpwapwa masomo ya jioni. Zote niliziacha likizoni. Nafunga shule na wenzangu, sirudi. Cheti kilichoniingiza chuoni nilikipata uzeeni, kwa kujisomea mwenyewe, na anayejisomea mwenyewe hana likizo.

Mwanamkuu akaingia na kikombe. "Kaka, wewe hata chai hujawahi kuimaliza. Kila siku unabakiza, sijui unamwachia nani."

Akatoka kwa kupita ukutani, maana mlango ulikuwa mbali.

Nikalikalia sanduku lifungike. Lilipofungika, chini hakuna sakafu tena, ni lami. Niko juu ya mizani ya kupimia malori. Mbele yangu kuna kizuizi, na nyuma ya kizuizi ni geti la chuo. Mlinzi anatazama saa. Ni saa sita na nusu. Saa saba geti linafungwa, na ambaye hajaandikwa anafutwa.

Karani wa mizani ni karanga. Karanga moja, na ganda lake, urefu wa askari, amevaa miwani ingawa pua hana. Akizungumza, punje zinagongana ndani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naomba nipite, mwenzio nimechelewa."

"Wote huniambia hivyo. Shusha."

Anaweka mashati, mshale hautikisiki. Anaweka vitabu sita, hautikisiki. Anaweka kile cha saba, mizani inalia.

"Tani nne na nusu," anasema.

"Kitabu hicho? Siku zote nakibeba kwapani!"

"Kilichosomwa hubebwa na kichwa. Kisichosomwa hubebwa na barabara, na barabara ni ya serikali."

Nataka kubishana, naona miguu yangu inaondoka. Kandambili zimegeukia upande wa Kilosa, ambako kuna njia ya vumbi ambayo dakika moja iliyopita haikuwapo.

"Twende zetu," inasema ya kulia. "Kama kawaida."

"Kule wanatafuta mlinzi wa ghala," inasema ya kushoto. "Hawaulizi mambo ya kusoma."

Hatua tatu. Nne. Nasikia raha mwilini, na hiyo raha ndiyo iliyonitisha, maana naijua. Kila shule niliiacha nikiwa na raha hiyohiyo.

Nikazivua. Zikaenda kidogo zenyewe, zikasimama kunitazama.

"Mzee, lami ina moto," ikasema ya kushoto, kwa huruma.

"Najua."

Nikarudi peku, nikaketi juu ya mizani, nikafungua kitabu. Sura ya mwisho imesokotwa kama tarumbeta, imejaa karanga za kukaanga. Ikabidi nizile ili niyafikie maneno. Nikasoma kwa sauti. Mnunuzi amekuja kuichukua mashine, kijiji kizima kimeshasema mjane atauza ahame. Hauzi. Anamwomba mnunuzi radhi, anamkaribisha uji, anafunga mkanda wa mashine, anawasagia waliopanga foleni tangu alfajiri. Maneno ya mwisho ni "mashine inanguruma."

Kila mstari, mshale unashuka. Karani amesogea mpaka begani kwangu.

"Kumbe iliisha hivyo," anasema, punje zinatetemeka. "Siku zote tunafungiwa humo ndani, na hakuna aliyewahi kutusomea."

Kizuizi kikapanda. Nikalinyanyua sanduku kwa kidole kimoja. Mlinzi akaandika, "Shekiondo, mwaka wa pili," bila kuinua macho, kama jambo la kila siku. Nikalia kidogo, nikajifuta kwa shati.

"Kaka! Basi halikungoji wewe!"

Nikaamka. Ni Mwanamkuu, mlangoni, kikombe mkononi. Safari hii mlango ulikuwa karibu. Nikainywa chai yote, mpaka majani. Akachungulia ndani ya kikombe, akanitazama, akaenda zake.

Nikakichukua kitabu cha saba niisome ile sura kabla ya kutoka. Kwenye ukurasa wa mwisho, juu ya maneno ya mwisho kabisa, kulikuwa na ngozi ya karanga, ile nyekundu nyepesi, bado ina chumvi. Mwanamkuu karanga zinamvimbisha koo, haziingii nyumba hii. Na mimi sina gego la kutafunia tangu Mpwapwa.

Nikaisogeza kwa ukucha. Chini yake pameandikwa, "mashine inanguruma."

Nikafunga sanduku. Likafungika.